Slaidi mpya, sura ya zamani: dalili, vyanzo na marekebisho

Malalamiko huwa ni yale yale. Mtu amenunua mkanda wa slaidi, ile filamu ambayo picha yake hutazamwa yenyewe kwa mwanga au projekta, kwa bei ya kuumiza, amepiga picha thelathini na sita kwa uangalifu, amesubiri wiki kadhaa zisafishwe, kisha anazishika dirishani na kuona picha safi, kali, zenye rangi za leo. Yeye alitaka zifanane na slaidi za sanduku la babu, za mwaka 1965. Anailaumu filamu, na mwezi unaofuata ananunua ya aina nyingine.

Nilizunguka hivyo miaka mingi, nikibadilisha filamu kama mtu anayebadilisha waganga. Siku hizi filamu naishuku mwisho kabisa. Kabla yake kuna mwanga, kipimo, maabara na skana, na mara nyingi kosa limejificha katika mojawapo ya hivyo vinne. Ila lipo swali linalotangulia hata hayo.

Zamani ipi?

Tunaposema picha ina sura ya zamani huwa tunachanganya vitu vitatu visivyo na undugu.

Cha kwanza ni Kodachrome iliyotunzwa vizuri. Filamu hii ilitoka mwaka 1935 kwa ajili ya sinema, na mwaka 1936 kwa kamera za milimita 35. Waliobuni walikuwa wanamuziki wawili, Leopold Mannes na Leopold Godowsky. Nyekundu yake ni nzito, weusi wake ni wa makaa, ngozi zina joto. Ikikaa gizani haipauki kirahisi, kwa hiyo slaidi ya miaka ya 1950 bado inaonekana karibu kama siku iliposafishwa.

Cha pili ni slaidi iliyopauka. Ektachrome nyingi, filamu nyingine ya slaidi ya Kodak, za miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 zimepoteza samawati yao (buluu ya kijani, cyan), na kilichobaki ni wekundu na majenta. Watu wanaipenda rangi hiyo, nami pia inanigusa, lakini aliyepiga picha ile hakuiona kamwe. Ni kazi ya miaka. Hakuna filamu mpya itakayokupa hiyo kutoka kwenye boksi.

Cha tatu ni kumbukumbu ya projekta. Slaidi nyingi za familia hazikutazamwa dirishani, zilitazamwa usiku, zikirushwa ukutani au kwenye shuka jeupe kwa taa ya projekta, ambayo mwanga wake ni wa manjano, kiasi cha Kelvini 3200 hivi (kipimo cha rangi ya mwanga: namba ndogo ni manjano, kubwa ni buluu). Joto la rangi tunalolikumbuka lilitoka kwa sehemu kwenye ile taa. Ukiiweka slaidi ile ile juu ya meza ya mwanga yenye Kelvini 5000, inapoa mbele ya macho yako.

Ukishajua unaitafuta ipi kati ya hizi tatu, nusu ya kazi umeimaliza. Anayetaka ya kwanza atahangaika na mwanga na kipimo. Anayetaka ya pili atahangaika na skana. Anayetaka ya tatu huenda anahitaji projekta tu, na filamu yake haina tatizo lolote.

Ukingo wa mkanda hausemi uongo

Slaidi zikirudi, usitazame picha kwanza. Tazama sehemu za mkanda ambazo lenzi haikuzigusa: ukingo wenye matundu, na nafasi kati ya picha na picha. Slaidi ni kinyume cha negativu. Pasipopata mwanga panatakiwa pawe peusi tii, na ule ulimi wa mwanzo uliomulikwa wakati wa kupakia kamera unatakiwa uwe wazi kama kioo.

Ukingo ukiwa mweusi tii na namba zake zinang'aa, lakini picha ni nyeusi au nyeupe mno, kosa ni la kipimo chako. Namba za ukingoni zikiwa hafifu na picha zote zikiwa na giza, safisho la kwanza halikutosha. Weusi ukiwa wa kahawia, kijani au kijivu, filamu imezeeka, imepata joto, imeingiwa na mwanga, au dawa zimechafuka. Ulimi wa mwanzo usipokuwa wazi, fedha, yaani madini yaliyomo kwenye filamu, haikuondolewa yote, na hilo lina dawa: mkanda unaweza kurudishwa kwenye bafu la kuondoa fedha na kwenye fiksa bila kuidhuru picha. Niliwahi kupokea kutoka kwa fundi mmoja slaidi zenye ukungu wa matope, nikaomba zirudiwe hatua hizo mbili za mwisho. Zilirudi zimetakata.

Dalili: picha ni safi mno, baridi, kama za simu

Hili ndilo lalamiko kubwa, na ndilo nitakalokaa nalo.

Filamu za slaidi unazoweza kununua mpya leo ni chache. Kodak wana Ektachrome E100, waliyoirudisha sokoni mwaka 2018 baada ya kuacha kutengeneza slaidi mwaka 2012. Fujifilm wana Provia 100F na Velvia, zinazopatikana kwa kubahatisha. E100 ni filamu ya haki: nyeupe inakuwa nyeupe, kijivu kinakuwa kijivu. Provia nayo ni ya haki, ila vivuli vyake huelekea buluu. Velvia 50, iliyotoka mwaka 1990, hukoleza kila kitu. Majani huwa ya kijani cha zumaridi na nyuso huiva wekundu. Mtu akiniambia anataka miaka ya 1960 halafu akachukua Velvia, namwambia mapema kwamba atapata kalenda ya mandhari ya miaka ya 1990. Ni filamu nzuri sana, lakini zamani yake ni nyingine.

Kwa anayeitafuta sura ya Kodachrome, ambayo haitengenezwi tena, mimi huchukua E100, kisha nafanya kazi iliyobaki kwa mwanga. Hapa inafaa kujua jinsi watu wa zamani walivyopiga. Kodachrome ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa na kasi ya ASA 10 tu (ASA ni jina la zamani la ISO; namba ikiwa ndogo, filamu inahitaji mwanga mwingi). Iliyofuata, Kodachrome II ya mwaka 1961, ilikuwa ASA 25. Kwa kasi hiyo hukupiga picha sebuleni bila balbu za mweko, wala chini ya mwembe, wala siku ya mawingu mazito. Ulisubiri jua, ukalipa mgongo, ukamweka mtu mbele yako jua likimpiga usoni. Vikaratasi vya maelekezo ndani ya boksi vilisema hivyo. Ndiyo maana slaidi za wakati ule zina anga ya buluu nzito, nguo zinazowaka, na watu waliofinya macho.

Leo tunapiga kivulini kwa sababu kamera inaruhusu, na kivuli cha mchana ni cha buluu, kwa kuwa kinachokimulika ni anga, siyo jua. Filamu ya mchana imepangiwa Kelvini 5500. Kivuli kinaweza kupita 7000. Filamu inaandika inachokiona. Ukitaka ujoto kivulini au siku ya mawingu, funga filta ya 81A au 81B mbele ya lenzi. Ni kioo cha kaharabu hafifu kinachokula theluthi moja ya hatua ya mwanga (hatua moja ni kuuzidisha mwanga mara mbili au kuupunguza nusu). Hiyo peke yake imewaponya wengi waliokuja kwangu wakidhani wanahitaji filamu iliyokufa.

Na saa. Kwetu karibu na ikweta jua la saa sita liko utosini, na slaidi haiwezi kubeba kivuli cha kofia na kanzu nyeupe katika picha moja. Piga kabla ya saa tatu na nusu asubuhi au baada ya saa kumi. Jua likiwa limeinama linafika usoni, linaingia chini ya ushungi na ukingo wa kofia, na rangi zake zimeshakuwa za dhahabu bila filta.

Rangi za vitu vyenyewe pia zina neno. Wapigaji wa zamani waliweka kitu chekundu kwenye picha makusudi, shati, mwavuli, baiskeli, kwa sababu nyekundu ndiyo ilikuwa fahari ya filamu ile. Kanga ya nyekundu na nyeusi mbele ya ukuta wa chokaa itakupeleka mwaka 1962 haraka kuliko filta yoyote. Jaketi la plastiki la kijani cha kung'aa litakurudisha leo.

Dalili: nyuso ni nyeusi hazisomeki, au anga imetoweka

Slaidi hubeba tofauti ya hatua tano hivi, sita ukibahatika, kati ya kivuli chenye maelezo na mwanga wenye maelezo. Negativu husamehe hatua mbili au tatu za makosa. Slaidi husamehe theluthi. Kwa ngozi zetu hili ni jambo zito. Kamera ya zamani ikielekezwa ukuta mweupe wa Lamu au mchanga wa Nungwi hudhani inaona kijivu, inabana mwanga, na mtu aliyesimama mbele ya ukuta huo anageuka kivuli. Ikielekezwa uso mweusi ulio karibu, nayo hudhani ni kijivu, inafungua mno, na kanzu pamoja na anga vinapotea kabisa. Hakuna wa kuvirudisha, kwa maana kwenye slaidi nyeupe iliyoungua hakuna kitu, ni plastiki tupu.

Tumia mita ya mkononi inayopima mwanga unaomwangukia mtu, siyo unaorudi kutoka kwake. Kuba lake liweke mbele ya uso wake likiitazama kamera. Kama huna mita hiyo, pima kiganja chako kikiwa kwenye mwanga ule ule aliosimama yeye, kisha fungua hatua moja. Viganja vya watu havitofautiani sana, hata ngozi zao zikitofautiana mno, na ndiyo sababu mbinu hii imedumu. Bila mita yoyote, jua kali lisilo na mawingu kwa filamu ya ISO 100 ni sekunde 1/125 kwenye tundu la lenzi la f/16. Ukuta mweupe ukiupima wenyewe, ongeza hatua moja hadi moja na nusu.

Wengi wamesikia kwamba kubana theluthi ya hatua hukoleza rangi, na ni kweli. Waliopiga Kodachrome 64 kana kwamba ni 80 walifanya hivyo. Lakini fanya hivyo ukiwa na jua la usoni tu. Ukiwa kivulini na mtu mwenye ngozi nyeusi, theluthi hiyo unamnyang'anya macho yake. Kwa Velvia 50, wengi huiweka kwenye 40, yaani huifungulia kidogo, na kwa watu nakubaliana nao.

Dalili: slaidi ni nzuri mkononi, mbaya kwenye kompyuta

Jaribu hili kabla ya kufanya lolote: shika slaidi mbele ya karatasi nyeupe iliyo juani. Ikiwa nzuri pale, filamu yako imefanya kazi yake na aliyekosea ni skana.

Slaidi ina weusi mzito kuliko picha ya karatasi au negativu. Skana nyingi za mezani haziwezi kuupenya, kwa hiyo vivuli hurudi na chengachenga za buluu na zambarau. Halafu programu, kwa kutaka kusaidia, inasawazisha yenyewe: inanyoosha mwanga, inafuta rangi iliyotawala. Ujoto wa jioni uliousubiri kwa saa mbili inauona kama kosa na kuuondoa. Zima kila kitu kinachojiita otomatiki. Ukiskani kwa kamera ya dijitali na lenzi ya karibu, tumia taa yenye uaminifu wa rangi wa CRI 95 au zaidi, pima nyeupe kwenye taa yenyewe bila slaidi, kisha usiiguse tena kwa mkanda mzima. Vivuli vikigoma, piga mara mbili, moja kwa mwanga mwingi, uunganishe.

Kodachrome za urithi zina matatizo yao. Skana huziona za buluu kuliko zilivyo, kwa sababu wino wake si wa ukoo mmoja na filamu za sasa. Tafuta mpangilio wa Kodachrome kwenye programu. Ile njia ya kufuta vumbi kwa mionzi ya infraredi izime, maana samawati ya Kodachrome huizuia mionzi hiyo, na programu itakula kope za watu ikidhani ni uchafu. Futa vumbi kwa brashi na pampu ya hewa, kwa subira.

Na hapa ndipo mahali pa anayeitaka sura iliyopauka. Skani slaidi yako vizuri kwanza, uhifadhi nakala hiyo. Kisha kwenye nakala ya pili inua weusi mpaka uwe kahawia iliyoiva, punguza samawati, acha wekundu uchukue vivuli. Unaigiza miaka sitini kwa dakika tano, na slaidi halisi inabaki salama.

Dalili: rangi imehama picha nzima

Ya manjano au machungwa ndani ya nyumba: umetumia filamu ya mchana chini ya balbu za kawaida. Filta ya 80A inarekebisha, ingawa inakula hatua mbili. Kijani: taa za mirija, na sasa baadhi ya LED. Kijani au majenta kwenye picha za usiku za sekunde nyingi: filamu imechoka kusubiri. Velvia 50 huanza kudai marekebisho kwenye sekunde 4 hivi, E100 inavumilia hadi 10, na Provia 100F inafika sekunde 128 bila kulalamika. Kwa usiku, chagua Provia.

Manjano hafifu kwenye kila picha, mchana na usiku? Itazame lenzi yako dhidi ya karatasi nyeupe. Baadhi ya lenzi za miaka ya 1960, kama Super-Takumar 50mm f/1.4, zina kioo chenye thoriamu ambacho hugeuka rangi ya chai kwa miaka. Wapo wanaoipenda kama filta ya bure. Asiyeipenda huiweka chini ya taa ya urujuanimno kwa siku kadhaa, ikatakata.

Dalili: weusi dhaifu, rangi za matope, na mkanda ulipita tarehe

Filamu iliyokwisha muda inavutia, na mpiga picha Saul Leiter aliitumia mitaani New York kwa matokeo ya kupendeza mno. Ila kanuni ya negativu, ya kuongeza hatua moja kwa kila miaka kumi, usiihamishie huku. Ukungu wa uzee kwenye slaidi hula weusi. Ukiongeza mwanga unamalizia kilichobaki. Piga kwa kasi ya boksi. Usinunue mkanda wenye historia usiyoijua kwa ajili ya arusi ya dada yako.

Joto linazeesha filamu kuliko kalenda. Siku moja ndani ya gari lililofungwa Mombasa ni adhabu kubwa. Weka mikanda kwenye friji ndani ya kopo lisilopitisha hewa, na ukiitoa ngoja saa mbili tatu kabla ya kufungua, la sivyo unyevunyevu wa pwani utaganda juu yake. Uwanja wa ndege omba ikaguliwe kwa mkono, hasa penye mashine mpya za CT za kukagua mizigo.

Dalili: rangi za ajabu, tofauti kali, na umepewa negativu

Mkanda wako ulisafishwa kwa C-41, dawa za negativu, badala ya E-6, dawa za slaidi. Wengine huomba hivyo makusudi, na matokeo yana ukatili wa kupendeza: kijani kikali, nyeupe zilizoungua. Watu huiita sura ya zamani, lakini miaka ya 1960 haikuwa na picha hizi. Ni mtindo uliokuja kushika baadaye. Kama hukuomba, kosa ni la pale mapokezi, na halirudishiki. Andika E-6 kwenye kopo wewe mwenyewe kabla ya kulitoa mkononi.

Kama unasafisha nyumbani, shida karibu zote ziko kwenye bafu la kwanza, lile safisho la kwanza. Nyuzi 38 za Selsiasi, dakika sita kwa dawa mpya, na hapo hata nusu ya nyuzi huonekana. Likipoa, slaidi zinakuwa na giza. Likizidi muda, zinakuwa nyepesi. Bafu zinazofuata ni za upole zaidi.

Dalili: umekuta Kodachrome ya marehemu, haijasafishwa

Hili huniuma kila linapokuja. Kodachrome haina vijenzi vya rangi ndani yake. Rangi ziliingizwa wakati wa kusafisha, kwa dawa zilizohitaji kiwanda. Kodak walitangaza mwisho wa filamu hii mwaka 2009, na maabara ya mwisho duniani, Dwayne's Photo ya mji wa Parsons, Kansas, iliacha kupokea mikanda tarehe 30 Desemba 2010. Rangi za mkanda huo hazitapatikana tena. Picha zenyewe zinaweza kupatikana, kama nyeusi na nyeupe, kwa fundi anayejua kuondoa tabaka la kaboni lililoko mgongoni mwa filamu. Angalia kopo: likiandikwa K-14, K-12 au K-11, ndiyo hiyo. Ukiipitisha E-6 fedha yote itaoshwa na utapewa plastiki tupu, pamoja na dawa za watu zilizochafuka. Kwa hiyo kabla ya kuituma, andika kwenye bahasha kwa kalamu nene, na kwenye kopo pia: NYEUSI NA NYEUPE TU. ISIPITE E-6.